Hita ya injini ilifuata nguzo za umeme

Alfajiri ya Juni kwenye vilima vya Tarime, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, lori la dizeli lililolala nje huweza kuzungusha stata mara kadhaa na kutoa moshi mweupe kabla ya kuwaka. Ni rahisi kudhani kwamba dawa yake ni ile ya nchi za theluji: hita ya umeme inayopasha maji ya injini kabla ya kuwashwa. Historia ya kifaa hicho inaelekeza kwingine. Baridi ndiyo iliyokifanya kitamanike, lakini umeme wa gridi ndio uliokiwezesha kuenea, na umeme huo huo ndio unaoamua kama kina kazi Tarime na Serengeti.

Injini ambayo Rudolf Diesel aliifanikisha huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897 haina plagi ya cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ipate joto la kuwasha mafuta. Chuma kikiwa cha baridi hunyonya joto hilo, oili huwa nzito na betri hupungua nguvu. Karibu na mwaka 1930 kampuni ya Lister ya Dursley, Uingereza, ilileta injini ya CS, iliyobuniwa mahsusi iwake ikiwa baridi. Matoleo yake ya mwanzo yalikuwa na vali ya kufunga sehemu ya chumba cha mwako ili hewa ibanwe zaidi. Mwendeshaji aliachia mbano, akazungusha hendeli mpaka flaiwili nzito zishike kasi, kisha akarudisha mbano na injini ikashika. Lister na nakala zake za India zilisaga nafaka katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki. Zilikuwepo vijijini kwa sababu umeme haukuwepo. Hita ya kuchomeka ukutani isingekuwa na maana kwao.

Marekani mambo yalikuwa tofauti. Andrew Freeman, aliyepata hataza ya hita ya injini mwaka 1949, alikuwa meneja wa ushirika wa umeme huko North Dakota, jimbo la baridi kali ambako nyaya zilikuwa zikifika mashambani. Aliye na soketi karibu na gari aliweza kulala injini ikipashwa. Huku kwetu nyaya zilichelewa kufika vijijini: Tanzania Bara ilitunga Sheria ya Nishati Vijijini mwaka 2005 tu, na wakala wake, REA, ukaanza kazi mwaka 2007.

Atakayepinga atasema kuna hita zinazochoma mafuta yenyewe, zisizohitaji gridi. Ni kweli, na kwenye barafu zina thamani yake. Lakini Tarime maji hayagandi, na injini ya dizeli yenye afya huwaka kwa hita plagi peke yake, yaani plagi ndogo zinazopasha silinda kabla ya kuwasha, au hata bila hizo. Stata inayohangaika na moshi mweupe usioisha huweza kuashiria hita plagi iliyokufa, nozeli mbovu, betri iliyochoka au ringi zilizolika. Hita ya maji ingeficha ugonjwa huo huku ringi zikiendelea kulika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mbona jenereta za dharura hufungwa hita hata katika nchi za joto? Hapa jibu ni kukubali. Kanuni za Marekani za jenereta za hospitali hutaka umeme urudi ndani ya sekunde 10, na injini iliyopoa ikitwishwa mzigo wote ghafla huweza kuyumba au kuzima. Kwa chumba cha upasuaji Mugumu, Serengeti, au mitambo ya dhahabu Nyamongo, Tarime, gridi inayokatika ndiyo inayoipa hita kazi, na kabla haijakatika ndiyo inayoilisha. Ufungaji wake nao una masharti: bomba la kuingiza litoke chini ya injini, la kurudisha liingie juu ili maji ya moto yapande yenyewe, hewa yote itolewe, kwa kuwa hita ikiwashwa bila maji huungua, na izimike jenereta inapowaka.

Kwa hiyo mwenye jenereta ya akiba isiyoruhusiwa kuchelewa ana sababu ya kununua hita. Mwenye lori au mashine ya kusaga apeleke fedha hizo kwa fundi, apimiwe mbano wa silinda kwanza.