Wana wa Seyyid Said katika Kinjeketile

Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969. Wahakiki wa mwanzo waliisoma kama sifa za umoja: makabila ya kusini yaliyosimama pamoja dhidi ya Wajerumani mwaka 1905. Baadaye wengine walimtazama zaidi Kinjeketile mwenyewe, kiongozi aliyelemewa na neno alilolitamka.

Neno lenyewe halikuwa la maji tu. Akiwa amepandwa na Hongo, anawaambia watu kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said. Akizinduka, anashtuka: Mjerumani aondoke, kisha Sultani wa Unguja atutawale? (Marehemu Seyyid Said alifariki mwaka 1856, lililobaki ni jina.) Wengi wetu tuliosomea Kiarabu na Kiingereza tuliiruka sehemu hii, wengine kwa haya, wengine kwa hofu, maana baada ya 1964 jina hilo halikutajwa ovyo. Mimi sasa naiona ndiyo roho ya mchezo. Hussein alikwishatuonya katika utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Lakini swali la nani mgeni na nani mwenye nchi hakulibuni yeye, na sisi wa ukoo wa Pwani na Omani ndio tuliopaswa kulishika kwanza.