Sola inapenda baridi ya Mbeya: njia ya mtafiti wa seli za jua

Mbeya na Iringa bado wapo wanaoamini sola ni ya Dar na Dodoma, kwenye joto. Fizikia inakataa. Paneli inakula mwanga, siyo joto.

Paneli nyingi za madukani ni za silikoni, ambayo ni semikondakta: haipitishi umeme vizuri kama shaba, wala haiuzuii kama kioo. Mwanga ukiigonga, elektroni zinaachia na umeme unatembea. Taa ya LED inafanya kinyume: unaipa umeme, inatoa mwanga. Elimu ya mambo hayo mawili ndiyo optoelektroniki.

Joto likizidi, volti inashuka. Wati zinazoandikwa nyuma ya paneli hupimwa seli ikiwa na nyuzi 25. Kila nyuzi ikiongezeka, silikoni inapoteza karibu asilimia 0.4. Kwa mwanga uleule, paneli ya wati 100 iliyofika nyuzi 60 juu ya bati inabaki na kama wati 86. Ikipozwa na upepo wa Mbeya, mji ulio mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ikawa na nyuzi 45, inatoa kama 92.

Kijana wa huku akitaka kuyasomea haya, njia iliyozoeleka ni PCM kidato cha tano. Iringa kuna Mkwawa (MUCE), chuo kishiriki cha UDSM tangu 2005, kinachoandaa walimu wa fizikia. Mbeya kuna MUST, ambako uhandisi ndio nguvu yake. Kisha uzamili, uzamivu, na ngazi: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kupanda kunadai makala zilizochapishwa, na hapo siyo mchezo. Utando mwembamba kuliko unywele hutengenezwa ndani ya mashine isiyo na hewa. Umeme ukikatika katikati, kazi ya siku nzima imekwenda.

Lakini inawezekana. Mwaka 1999 Kivaisi na Samiji wa UDSM walichapisha kwenye jarida la Solar Energy Materials and Solar Cells utafiti wa tando za oksaidi ya vanadiamu. Oksaidi hiyo ina tabia ya ajabu: ikifika nyuzi 68 hivi inabadilika na kuanza kuzuia miale ya joto, hivyo inafaa kwa vioo vya madirisha. Tatizo, dirisha gani linafika nyuzi 68? Mwaka 2009 Mlyuka, naye wa UDSM, pamoja na Niklasson na Granqvist wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba kuchanganya magnesiamu kunashusha kiwango hicho na kupitisha mwanga zaidi. Miaka kumi kati ya makala hizo mbili, kitu ni kilekile. Utafiti wa aina hii hauna haraka.

Kwa kuanzia, mashine hiyo ya utupu haihitajiki. Mwanafunzi mwenye paneli ndogo, multimita na kipimajoto anaweza kupima volti saa sita mchana Julai, akarudia Novemba, halafu akalinganisha.