Usukani Haupo, Tanga Hakuna: Historia ya Kufufua Vyombo vya Zamani vya Pwani

Wadau, leo tuwape mapumziko mastaa wa kila siku. Tuzungumzie mastaa wengine ambao karibu hakuna anayewajua kwa jina: mafundi wa vyombo vya tanga, hasa wale wanaochukua mashua iliyopungukiwa viungo na kuirudisha majini.

Pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa, ukashuka Pangani, Bagamoyo mpaka Kilwa, haikosi mashua kuukuu iliyolazwa mchangani. Mlingoti haupo, foromali imeondoka, usukani haujulikani ulipo. Mpita njia anaona kuni pale. Fundi anaona chombo.

Viungo vya chombo havipotei ovyo ovyo, vina mpangilio wake. Tanga ndilo la kwanza, maana jua na chumvi vinalila taratibu. Kamba zinafuata. Usukani umening'inizwa kwa vyuma kule tezini, kwa hiyo unang'oka kirahisi. Mwenye mashua nyingine akipungukiwa anakuja kuuomba, na mara nyingine haombi, bwana! Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, nayo inahamia chombo kingine. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Kumbe hata kilichopandishwa nchi kavu, usukani ni miongoni mwa vya mwanzo kuondoka. Mwishowe kinabaki kiwiliwili: mkuku, mataruma na mbao.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Fundi wa kwetu kwa desturi hana mchoro. Mchoro wake ni chombo chenyewe. Alama za vyuma kwenye mti wa nyuma zinamwambia usukani ulikaa wapi. Tundu la mlingoti linamwambia mlingoti ulikuwa mnene kiasi gani. Taruma la upande wa kulia likiwa limeoza, anachukua umbo la mwenzake wa kushoto, analigeuza, anapata kipimo. Halafu linatafutwa tawi lililojipinda lenyewe, maana taruma zuri halilazimishwi kupinda, linachaguliwa mtini likiwa na umbo lake tayari. Baada ya tezo, keekee na msumeno, inakuja kalafati: pamba yenye mafuta inasukumwa kwenye nyufa za mbao moja moja. Chini ya maji chombo kinapakwa chokaa iliyochanganywa na shahamu. Asiyeijua kazi hii anadhani ni kugongagonga tu.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana maarifa haya hayakuanza jana. Takriban miaka 2,000 iliyopita, mfanyabiashara mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alieleza safari za Bahari ya Hindi katika kitabu kinachojulikana kama Periplus. Jina lake halijulikani mpaka leo. Alitaja bandari ya pwani hii iitwayo Rhapta, na akasema jina hilo lilitokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Yaani mji ulipewa jina kwa sababu ya kazi ya mafundi, na bado hatumjui hata fundi mmoja!

Mwaka 1498 Wareno wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji, mwandishi wa shajara ya safari ile, ambaye naye hakuweka jina lake, aliandika kuhusu vyombo visivyo na misumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba, na matanga yake ni ya mikeka. Zilikuwa zimepita karne nyingi toka enzi za Rhapta, na ushonaji ulikuwa ungali hai.

Wa mwisho katika ukoo huo ni mtepe, chombo cha Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lilikuwa mkeka wa mraba, na omo yake ilichongoka kama shingo ya ngamia. Kazi yake kubwa ilikuwa kubeba boriti za mikoko. Kwa kuwa mbao zilishonwa, mwili wake ulinyumbuka ukipigwa na mawimbi. Upande wa pili wa shilingi, maji yaliingia, kwa hiyo kuyafua ilikuwa kazi isiyoisha safari nzima. Majahazi ya misumari yakaushinda. Karne ya 20 haikufika mbali kabla mtepe haujatoweka kabisa.

Fikiria basi: hapa hakikupotea usukani wala mlingoti, kilipotea chombo kizima. Vikabaki vielelezo vidogo vilivyochongwa, picha na maandishi. Kwa vitu hivyo, mwaka 2003 mafundi walijenga mtepe wa ukubwa kamili ndani ya Beit al-Ajaib, pale Zanzibar. Jumba hilo tunajua lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, kila mwongoza watalii anakwambia. Waliokaa chini kushona mbao za mtepe, je? Wangapi wetu tunaweza kutaja hata mmoja? Na jumba lenyewe, sehemu yake ilianguka Desemba 25, 2020. Somo ni kwamba hata kilichowekwa makumbusho hakijasalimika.

Ndugu zetu wa Oman walipitia mtihani kama huo. Mwaka 1998 mabaki ya chombo cha karne ya 9 yalipatikana baharini karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia. Nacho kilikuwa cha kushonwa. Sehemu ya chini ilikuwepo, lakini mlingoti na tanga havikuwepo. Oman ikaunda chombo kwa kufuata mabaki yale, na palipokosekana ushahidi ikabidi watazame picha za kale na vyombo vya jadi. Mwaka 2010 chombo hicho, Jewel of Muscat, kilitoka Oman kikafika Singapore kwa tanga. Hivyo ndivyo afanyavyo fundi wetu wa mchangani: anaanza na kilichopo, kisha anauliza chombo jirani kinasemaje.

Kuna watu wanabisha. Wanasema ukibadilisha usukani, mlingoti, tanga na nusu ya mbao, hicho si chombo kile tena. Mimi naona tofauti. Mashua ya kazi hubadilishwa mbao tangu siku ya kwanza inapogusa maji, huo ndio uhai wake. Ukingoja kila kiungo kiwe cha asili, utakuwa na maiti iliyotunzwa vizuri. Kinachotakiwa kiendelee ni umbo, na umbo limo katika jicho na mkono wa fundi. Mbao zikipotea utanunua nyingine. Jicho lile likizikwa bila mwanafunzi, hakuna duka linaloliuza.

Na hapo ndipo penye hatari. Mashine zimechukua nafasi ya tanga kwa wavuvi wengi, sawa, maisha ni magumu na pepo hazingoji soko. Lakini angalia hoteli za kisasa za pwani: meza ya mbao za jahazi, kitanda cha mbao za jahazi, kaunta ya baa iliyo nusu mashua. Viungo tunavyovitafuta ndiko viliko! Picha zinapendeza mtandaoni, sikatai. Ila kila chombo kinachokatwa kuwa meza ni mchoro mmoja uliochanwa, kwa sababu tumeona kwamba chombo chenyewe ndicho mchoro. Kila mwaka tunashangilia mashindano ya vyombo vya tanga, na Zanzibar ina tamasha lililobeba jina la Nchi za Jahazi toka 1998. Jina tunalo. Kabla ya kukata chombo, basi, kipimwe, kipigwe picha kila upande, na kijana mmoja akae na fundi aulizie kila tundu lina kazi gani. Gharama yake haifiki hata bei ya hiyo meza.

Historia imewasahau mafundi hawa kwa miaka 2,000. Sisi tunaweza kuanza leo. Kama babu yako, baba yako au mjomba wako aliunda au kufufua chombo, andika hapo chini jina lake, bandari yake na jina la chombo.