Unaonaje?

Nisomapo habari za upasuaji wa mtoto wa jicho, humkumbuka mwanamke mmoja wa London. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', Dakta Harold Ridley alianza kumtibu kwa njia mpya: kutoa lenzi iliyoingia ukungu na kumtilia ya plastiki. Wakati wa vita Ridley aliona kwamba vipande vya plastiki ya madirisha ya ndege vilikaa machoni mwa marubani bila madhara makubwa. Lenzi ilikaa vizuri, ila ilikuwa kali mno. Mama yule hakuweza kuona mbali bila miwani. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha lenzi inayorekebishwa ikiwa ndani ya jicho. Mgonjwa huishi nayo wiki kadhaa, huku akivaa miwani ya kukinga jua, kisha hueleza anavyoona. Daktari huimulika kwa mionzi ya urujuanimno, nayo hubadilika nguvu. Akisharidhika, mwanga wa mwisho huifunga isibadilike tena.

Yule wa 1949 alipokea alichowekewa. Wa leo huulizwa, "Unaonaje?" Kwa hiyo sehemu ya uamuzi ni yake, na lawama vilevile.