Kinanda cha santuri kikilegea: Pima kwanza ndipo uagize mkanda

MKAZI wa Kainuk mwenye kinanda cha santuri kilichozeeka ana sababu ya kuwa mwangalifu kuliko mwenzake wa mjini. Mji huo mdogo umo mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, kando ya barabara ya Kitale kuelekea Lodwar. Mkanda ukiharibika, hana budi kuagiza mwingine mbali, pengine Nairobi, katika soko la Kenyatta ambako James Rugami alijipatia jina kwa kuuza santuri kuukuu. Akikosea kipimo, nauli na siku zote za kungoja huwa zimepotea bure.

Mkanda wenyewe ni utepe mwembamba wa mpira unaotoka kwenye puli ya mota na kulizungusha sinia linalobeba santuri. Mtindo huo ulipata umaarufu baada ya kampuni ya Acoustic Research ya Marekani kuuza kinanda chake cha XA mwaka 1961. Mpira humeza mtetemo wa mota usifike kwenye sindano. Si kila kinanda kina mkanda, hata hivyo. Technics SP-10, iliyotokea mwaka 1970, huzungushwa na mota iliyo chini ya sinia moja kwa moja, kwa hiyo sinia liinuliwe kwanza, mwenye mali ajionee.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote ila saa. Kipande cha karatasi kibandikwe ukingoni mwa sinia, kisha mizunguko ihesabiwe huku sindano ikiwa juu ya santuri. Santuri kubwa huzunguka mara 100 kwa dakika tatu, na ile ndogo mara 45 kwa dakika moja. Mkanda uliolegea hupunguza idadi hiyo, huchelewa kushika mwendo, na wakati mwingine huteleza mara tu sindano inaposhuka.

Sauti ikiyumbayumba, msikilizaji ashike majira ya kuyumba kwake. Inayoyumba kila mzunguko, yaani kila baada ya sekunde 1.8 kwa santuri kubwa, aghalabu ni kosa la santuri iliyopindwa na joto au iliyotobolewa kando ya kitovu. Ila ya mkanda hurudi kwa kuchelewa zaidi, kwa kuwa mkanda ni mrefu kuliko mzingo wa gurudumu unaloliviringa.

Umeme nao husingizia mkanda. Mota za vinanda vingi vya zamani hufuata mapigo ya umeme, ambayo nchini Kenya ni 50 kwa sekunde na Marekani ni 60. Kinanda cha aina hiyo kilicholetwa kutoka Marekani huzunguka hapa mara 28 hivi kwa dakika badala ya 33, na mwimbaji wa kike akasikika kama mwanamume. Dawa yake ni puli nyingine, si mkanda. Kadhalika inveta ya sola iliyopangwa kutoa mapigo 60 huharakisha kinanda cha mapigo 50. Zile alama za ukingoni mwa sinia zinazoonekana kusimama mwendo ukiwa sawa, nazo hazifai kitu chini ya taa ya betri, kwa sababu taa hiyo haipepesi kwa mapigo ya umeme.

Ikithibitika kwamba mkosaji ni mkanda, usipimwe ule wa zamani, kwani umekwisha kuvutika. Uzi usiovutika upitishwe palepale unapopita mkanda, kwenye gurudumu na kwenye puli, kisha mkanda mpya uwe mfupi kuliko uzi huo kwa asilimia 5 hivi. Mfupi kupita kiasi huichosha beringi ya mota. Upana na unene pia vitajwe, maana mkanda mnene huongeza mwendo. Vipande vya tyubu ya baiskeli, ambavyo mafundi wengi hukimbilia, havina unene ulio sawa, nayo santuri hulia kama mlevi.

Mkanda ulioyeyuka ukawa kama lami ufutwe kwa kitambaa na spiriti kidogo, bila kuimwagia beringi. Mpya uvishwe kwa mikono isiyo na mafuta, usisokoteke, kisha sinia lizungushwe kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha.

Kazi hiyo ina maana kwa wanaotunza santuri ndogo zilizorekodiwa katika studio za Equator Sound, Nairobi, miaka ya 1960, walikokuwa akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Baadhi ya nyimbo za enzi hiyo hazikuwahi kutolewa upya.

Katika joto la Turkana mpira hukauka upesi. Kinanda kitakachokaa miezi bila kutumika kivuliwe mkanda na kuwekwa kivulini, kwa sababu mkanda ulioachwa umebana puli hupata kikunjo kinachosikika kila kinapopita kwenye mota.