Nyumba Njema Si Mlango



Jumamosi iliyopita nilikwenda kutoa nakala za karatasi zangu kwenye steshenari moja mtaani kwetu, hapa Nkuhungu. Nyuma ya mashine walikuwapo vijana wawili wakibishana mbele ya kompyuta moja. Vijana hao hutengeneza tovuti za watu, na siku hiyo walikuwa na kazi ya mwenye nyumba ya wageni. Mmoja alitaka ukurasa wa mbele uwe na picha kubwa inayotembea, na jina la biashara liingie likizunguka kama pia. Mwenzake akamwambia: "Mgeni anatafuta bei ya chumba na namba ya simu. Hayo mazingaombwe unamfanyia nani?"

Yule wa kwanza akajibu: "Mteja amesema ing'ae."

Nilicheka. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nikawaza kwamba ubishi ule una umri mkubwa kuliko wao wenyewe. Leo nataka tuutazame ulikotoka, maana una gharama, na aghalabu mlipaji ni mtu ambaye hakuwapo wakati wa kubishana.

Ukurasa wa kwanza wa tovuti duniani uliwekwa hadharani mwaka 1991 na Mwingereza Tim Berners-Lee, katika kituo cha utafiti cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Ulikuwa maneno matupu, bila picha na bila madoido. Kazi yake ilikuwa kumwezesha msomi aliyeko huku kusoma alichokiandika msomi aliyeko kule, basi. Mwaka 1993 ikaja programu iitwayo Mosaic, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ikawezesha picha na maneno kuonekana pamoja katika ukurasa mmoja. Hapo ndipo ngoma ilipoanza.

Kampuni ya Netscape ikaleta amri ya kufanya maneno yawake na kuzimika, kama taa ya gari linalotaka kukata kona. Lou Montulli, aliyekuwa mhandisi wa kampuni hiyo, amesimulia kwamba jambo hilo lilianza kama mzaha wa baa. Kesho yake akakuta mwenzake amelitengeneza kweli! Mzaha huo ukasumbua macho ya walimwengu kwa karibu miaka 20, hadi programu ya Firefox ilipouondoa mwaka 2013.

Mwaka 1996 wataalamu walikuwa wamegawanyika. Mmarekani David Siegel alitoa kitabu mwaka huo akifundisha kwamba ukurasa upangwe kwa ustadi na uzuri, uvutie macho kama gazeti lililochapwa vizuri. Jakob Nielsen, mtaalamu mwenye asili ya Denmaki, mwaka huohuo akaorodhesha makosa 10 makubwa ya watengenezaji wa tovuti. Miongoni mwake ni maneno yanayotembea bila kutulia, kurasa zinazochelewa kufunguka, na habari zilizopitwa na wakati. Hilo la mwisho, ndugu msikilizaji, uliweke akiba. Nitalirudia.

Kisha ukaja mtindo wa Flash, yaani sinema ndogo iliyokulaki mlangoni kabla hujaonyeshwa chochote. Pembeni kuliwekwa kitufe cha kuruka utangulizi, na utani wa mafundi ukawa kwamba katika tovuti nzima hicho ndicho kitu pekee ambacho wageni walikipenda. Kampuni ya Adobe iliizika Flash mwisho wa mwaka 2020, na matanga yake hayakuwa makubwa.

Sisi je? Intaneti ilitufikia katikati ya miaka ya 1990. Mimi niliijua mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikisomea stashahada ya uandishi wa habari, katika vile vyumba vya intaneti kafe ambamo ulilipia muda. Unafungua ukurasa, picha inashuka mstari kwa mstari kama pazia, na muda wako unakwisha hujafika hata kidevuni kwa mheshimiwa. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam Julai 2009. Kabla ya hapo tulitegemea zaidi setilaiti, na kila picha ya urembo ilikuwa fedha mfukoni mwa mtazamaji.

Hata hivyo, ni katika miaka hiyohiyo ya shida, Septemba 2005, mpiga picha wa magazeti Issa Michuzi alipoanzisha blogu yake. Ilikuwa na picha, maneno machache na tarehe. Habari mpya ilikaa juu, ya jana ikashuka chini. Hapakuwa na jina lililozunguka kama pia, lakini Watanzania wa ndani na wa ng'ambo walimiminika, maana kila walipobisha hodi walikuta kitu kipya, na walijua ni cha lini.

Kwa upande wa Serikali, Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na kwa sheria ya mwaka 2019 ikawa Mamlaka. Machi 2017, hapahapa Dodoma, zilizinduliwa kwa mpigo tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185, zote zikiwa na sura ya namna moja. Nimewasikia mafundi wakinung'unika kwamba sare hiyo imeua ubunifu, na kwamba ukiiona moja umeziona zote. Mimi siungi mkono manung'uniko hayo. Sare ya shule haimzuii mtoto kuwa na akili. Mwananchi akishajua mahali pa kutazama matangazo ya halmashauri moja, atajua pia pa kutazama ya nyingine. Hilo ni jambo la maana.

Lakini sare haimpi mtoto akili vilevile. Na hapa sina budi kusimulia kisa ambacho mimi mwenyewe sikutoka salama.

Miaka michache iliyopita nilikuwa natafuta matangazo ya kuwasomea wasikilizaji. Nikaingia katika tovuti ya ofisi moja, ambayo sitaitaja. Ilipendeza kweli: rangi zimetulia, picha za uzinduzi, neno la karibu kutoka kwa mkuu wake. Nikakuta tangazo la nafasi za mafunzo ya ufundi kwa vijana, limeandikwa siku na mwezi wa usaili. Nikalisoma hewani kwa sauti yangu yote. Mwaka haukuandikwa, nami sikuuliza. Niliamini kwamba nyumba iliyopakwa rangi vizuri namna ile haikosi mwenyewe ndani.

Mama mmoja wa Bahi, shangazi wa jirani yangu hapa Nkuhungu, alilisikia. Akauza kuku wake, akamchukua binti yake, wakapanda basi mpaka mjini. Pale ofisini wakaambiwa usaili huo ulikwisha mwaka uliotangulia, na aliyeandika tangazo amehamishwa. Jioni jirani akanileta mbele yake. Mama yule hakupandisha sauti. Alinitazama akasema: "Mwanangu, redio yako imenila nauli."

Nilimrudishia nauli. Ile siku ya binti, aliyovaa nguo yake nzuri akiamini anakwenda kuanza maisha, sikuwa na namna ya kuirudisha.

Ndiyo maana ubishi wa vijana wa steshenari si wa kuchekea tu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Kwa zaidi ya miaka 30 mafundi wa tovuti wamekuwa wakibadili milango: ya kukonyeza, ya sinema, ya picha zinazotembea. Siwalaumu kwa kupenda uzuri, maana hata nyumba ya tembe ina namna yake ya kupendeza. Na ufundi umesaidia pia. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte alieleza namna ya kutengeneza ukurasa unaojipima wenyewe kulingana na ukubwa wa kioo, na sisi tunaotegemea simu ya mkononi tunapaswa kumshukuru.

Ninachowaomba wenye tovuti, wakubwa kwa wadogo, ni hiki. Unapomlipa fundi wa kujenga, tenga pia posho ya mtu wa kufagia. Awepo mwenye jina na zamu, anayeondoa tangazo lililokwisha, anayejaribu kupiga ile namba ya simu aone kama inaita, na anayeandika mwaka kwenye kila tarehe. Fundi huondoka siku ya uzinduzi, lakini mama wa Bahi huja baadaye, kwa simu ya kuazima na bando la kuhesabu.

Nami kwa upande wangu, tangu siku ile sisomi tangazo la tovuti hewani kabla sijapiga simu. Mara nyingine simu haipokelewi, na tangazo hulirudisha mezani. Wenzangu kituoni wananitania kwamba nimekuwa mwoga.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.