Kuchagua programu ya kuandika kwa mkono kwenye kishikwambi: Somo kutoka Kwihara, Tabora

Nje kidogo ya mji wa Tabora, kule Kwihara, kuna tembe lililojengwa upya ambalo leo ni makumbusho. Hapo ndipo David Livingstone alipokaa mwaka 1872 pamoja na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley. Machi 14 mwaka huo Stanley aliondoka kurudi pwani, na kwenye mizigo yake kulikuwa na daftari kubwa la Livingstone. Watafiti hadi leo wanaliita Jarida la Unyanyembe, kwa jina la eneo hilo la Wanyamwezi.

Daftari hilo lilifika Uingereza salama. Maandishi mengine ya Livingstone hayakuwa na bahati hiyo. Mwaka mmoja kabla, akiwa Nyangwe, mashariki mwa Kongo, aliishiwa karatasi na wino. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa rangi iliyotokana na mmea wa huko. Rangi ikafifia, chapa ya gazeti ikabaki. Kwa zaidi ya miaka 100 kurasa hizo hazikusomeka vizuri, mpaka wataalamu walipozipiga picha kwa mwanga wa aina mbalimbali na matokeo yakawekwa mtandaoni mwaka 2011.

Kisa hiki ni cha karatasi, lakini kinamhusu kila anayetaka kuachana na madaftari na kuanza kuandika kwenye kishikwambi. Watu wengi huchagua programu kwa kuangalia rangi za kalamu na urembo wa kurasa. Swali la maana ni jingine: miaka mitano ijayo, kishikwambi kikiwa kimeharibika au kimeibiwa, notsi zako utazipata?

Anza na kalamu, programu baadaye

Kabla hujapakua chochote, jua kishikwambi chako kinakubali kalamu ya aina gani. Zipo aina mbili kubwa.

*Kalamu ya ncha ya mpira.* Ni ya bei nafuu na inafanya kazi karibu kwenye kila kioo cha kugusa. Ila kwa kishikwambi, hiyo ni sawa na kidole tu. Ukilaza kiganja kwenye kioo, nacho kinaacha alama. Kwa kuandika mistari miwili inatosha. Kwa somo la saa mbili inachosha.

*Kalamu ya kielektroniki.* Kishikwambi kinaitambua, kinapima umekandamiza kwa nguvu kiasi gani, na kinapuuza kiganja. Lakini lazima kishikwambi chenyewe kiwe kimetengenezwa kuipokea.

Hapo ndipo wengi hupigwa. Samsung Galaxy Tab S6 Lite huuzwa na kalamu yake, S Pen, ambayo haihitaji chaji ili iandike. Galaxy Tab A9 na A9+ ni za kampuni hiyohiyo na bei yake iko chini, lakini hazikubali S Pen. Kwa upande wa iPad, Apple Pencil zipo za aina kadhaa na si kila moja inafanya kazi na kila iPad.

Walimu waliogawiwa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 nao wasikurupuke kununua kalamu ya gharama. Ingia kwenye mipangilio, soma jina la modeli, kisha mwambie muuzaji akuonyeshe kalamu ikiandika kwenye kishikwambi hichohicho kabla hujatoa hela.

Maswali matano ya kuiuliza programu

1. Inaandika bila bando?
Ukiwa mjini karibu na stesheni, mtandao upo. Ukienda kijijini Sikonge au Urambo, au ukipanda treni ya Kigoma inayofuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara kwenda Ujiji, huwezi kuutegemea mtandao. Programu nzuri inahifadhi notsi ndani ya kishikwambi kwanza, halafu inazipeleka mtandaoni baadaye ukipata bando. Inayogoma kufungua daftari mpaka iwe na intaneti haifai kwa safari hizo.

2. Notsi zinatoka kwa PDF?
Kila programu ina aina yake ya faili. Samsung Notes, kwa mfano, huhifadhi kwa faili lake lenyewe ambalo programu nyingine nyingi haziwezi kulifungua. PDF inafunguka kwenye simu, kompyuta na hata steshenari unapokwenda kuprinti. Kama programu haitoi PDF, au inataka ulipie ndipo itoe, jua kabisa kwamba notsi zako zimefungwa ndani.

3. Nakala ya pili inakaa wapi?
Livingstone alikuwa na tabia moja nzuri. Aliyoyaandika njiani kwenye vijitabu na karatasi aliyanakili baadaye kwenye lile daftari kubwa. Ndiyo maana karatasi za Nyangwe zilipofifia, habari zake hazikupotea zote.

Leo nakala ya pili inaweza kukaa mtandaoni. Akaunti ya Google inatoa GB 15 bure, Microsoft GB 5 na iCloud ya Apple GB 5. Notsi za mwandiko peke yake hazili nafasi kubwa. Kinachokula bando ni sauti: kurekodi saa moja kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde kunafika karibu MB 58. Kama bando ni la kubana, nakili PDF zako kwenye memori kadi au flashi. Kitu cha msingi ni nakala ikae nje ya kishikwambi chenyewe. Kadi iliyomo ndani yake ikiibiwa nacho, umerudi palepale.

4. Inasoma Kiswahili?
Programu nyingi zinajigamba kugeuza mwandiko kuwa herufi za chapa. Usiamini tangazo, jaribu. Andika "ng'ombe wanne wameng'ang'ania ng'ambo ya mto" uone inarudisha nini. Programu iliyofundishwa Kiingereza inaweza kukubadilishia maneno kwa kuyakisia.

Na hata ikigeuza vizuri, usifute mwandiko wa asili. Watafiti walipolinganisha kurasa za Nyangwe na nakala yake kwenye Jarida la Unyanyembe, walikuta mambo yamebadilishwa, hasa kuhusu mauaji yaliyotokea kwenye soko la Nyangwe Julai 15, 1871. Aliyenakili ni mwandishi yuleyule, na bado nakala haikulingana na ya kwanza. Sembuse mashine inayokisia.

5. Unalipa mara moja au kila mwezi?
Soma masharti ya malipo kabla hujahamishia maisha yako yote humo. Novemba 2021 programu ya Notability ilihamia malipo ya kila mwaka, na watu waliokuwa wameinunua mara moja wakapiga kelele. Kampuni ilirudi nyuma na kuwaachia wateja hao wa zamani huduma walizokuwa wamelipia. Somo likabaki: bei ya leo si ahadi ya kesho. Mwenye PDF zake mkononi anaweza kuhama wakati wowote.

Programu zenyewe

*Samsung Notes.* Inakuja na vishikwambi vya Galaxy, bure. Inaandika bila mtandao, inatoa PDF, na unaweza kuandika juu ya PDF ya mwalimu. Mwenye Galaxy yenye S Pen hana haja ya kuhangaika kutafuta nyingine siku ya kwanza. Udhaifu wake unaonekana ukihamia kifaa cha kampuni nyingine.

*Microsoft OneNote.* Ipo kwa Android, iPad na Windows, bure, ila inahitaji akaunti ya Microsoft. Inamfaa anayeandika kwenye kishikwambi na kumalizia kazi kwenye kompyuta. Kwenye kompyuta ya Windows unaweza kutoa daftari zima kwa PDF. Angalia kitu kimoja: ukurasa wake hauna mwisho, kwa hiyo ukiprinti kwenye A4 mchoro mkubwa unaweza kukatwa katikati.

*Squid.* Ni ya Android. Nyepesi, haina mambo mengi, na mwandiko hauharibiki ukiukuza. Baadhi ya huduma, kama kuandika juu ya PDF, ni za kulipia.

*Saber.* Ni bure na msimbo wake uko wazi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuukagua. Ipo kwa Android, iPad na kompyuta. Haina urembo wa programu za kulipia, lakini kwa kuandika na kutoa PDF inatosha.

*Goodnotes.* Ilianzia kwenye iPad, baadaye ikaja Android na Windows. Ni nzuri kwa kuandika juu ya vitabu vya PDF na kutafuta neno ndani ya mwandiko. Toleo la bure lina kikomo, ukizidi unalipia.

*Notability.* Ni ya vifaa vya Apple. Sifa yake ni kuunganisha sauti na mwandiko: ukigusa neno uliloandika, unasikia mwalimu alikuwa anasema nini wakati huo. Omba ruhusa kabla ya kurekodi.

*Notes ya Apple.* Imo ndani ya kila iPad, bure. Kwa anayeanza, hii inatosha kabla ya kulipia yoyote.

Jaribio la dakika 20

Chagua programu mbili tu kati ya hizo, kisha fanya hivi kwa kila moja:

- Zima data na Wi-Fi, fungua daftari jipya.
- Andika ukurasa mmoja kwa kasi ya darasani, kiganja kikiwa kimelala kwenye kioo.
- Chora kitu: mzinga wa nyuki, ramani ya shamba, au jedwali la kilo na bei.
- Zima programu kabisa, ifungue tena. Ukurasa upo?
- Toa PDF, washa data, itume kwenye simu ya mtu mwingine. Inafunguka? Inasomeka?
- Futa ukurasa, halafu ujaribu kuurudisha.

Programu ikishindwa hatua ya nne au ya tano, iache, hata kama rangi zake zinavutia.

Nani achukue ipi?

*Mwanafunzi wa chuo.* Anayesoma ufugaji nyuki pale Tabora anachora sana, kwa hiyo kalamu ya kielektroniki inamlipa. Mwenye Galaxy aanze na Samsung Notes, mwenye iPad na Notes ya Apple. Goodnotes afikirie baada ya muhula mmoja.

*Mwalimu.* Kama kishikwambi hakikubali kalamu ya kielektroniki, asilazimishe. Andalio la somo aliandike kwa kibodi, na kalamu ya mpira aitumie kuchorea michoro tu. Akiandika alama za wanafunzi, aweke nenosiri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 1, 2023.

*Karani wa AMCOS.* Anayeandika kilo za tumbaku za wakulima anashika hela za watu. Kwake kishikwambi kiwe nakala, si kumbukumbu pekee. Kitabu cha karatasi chenye saini ya mkulima kibaki, na PDF ya siku itumwe kwa katibu jioni ileile. Tarakimu zisigeuzwe na mashine bila kukaguliwa: 1 na 7 za mkono zinafanana sana, na tofauti yake mkulima ataiona kwenye malipo.

*Mwandishi wa habari au mtafiti wa vijijini.* Anahitaji programu inayoandika bila mtandao kabla ya kitu kingine chochote. Squid au Saber zinatosha, na PDF zihamishwe kila akifika mjini.

Yape mafaili majina

Kazi ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kule kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wenzake walikuwa na maiti, masanduku na karatasi za kufikisha pwani. Kabla ya kuondoka, Jacob Wainwright, kijana aliyejua kusoma na kuandika, aliorodhesha vitu vya marehemu kwenye daftari. Kisha yeye, Chuma, Susi na wapagazi wengine wakasafiri kwa miguu, wakapitia Kwihara Oktoba 1873 na kufika Bagamoyo Februari 1874. Vijitabu vya mwisho vya Livingstone vilifika, na mwaka uleule vikachapishwa London.

Faili linaloitwa "Untitled 37" halina wa kuliorodhesha. Lipe jina linaloanza na tarehe, kama "2025-03-14 Soko la tumbaku", na mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano. Kila Ijumaa jioni toa PDF za wiki, ziweke mahali pa pili, halafu fungua moja uone kama inasomeka. Ni kazi ya dakika tano. Siku kishikwambi kitakapogoma kuwaka, utahitaji kingine, lakini hutahitaji kuanza upya.